Wasili Muuza Marashi na Sauti Isiyotaka Kuhama

Zama za Sultani Nadhifu bin Ghalibu, mtawala wa mji wa Shahanuri na mashamba yake yote hadi kwenye milima ya chumvi, palikuwa na ajabu moja ambayo wageni hawakuisadiki mpaka waisikie kwa masikio yao, nayo ni kwamba katika mji huo sauti za watu ziliuzwa dukani kama nguo na tende. Mtu akiingia soko la wafua shaba aliona duka lenye milango ya msaji, na ndani yake vijaluba vya shaba vimepangwa rafuni, kila kimoja hakizidi kiganja cha mkono, na akifunua kimoja alimsikia mwimbaji kana kwamba amesimama mbele yake, pumzi na kikohozi na kila kitu, na akikifunika sauti ilikatika. Mwenye duka hilo aliitwa Taufiki, na Sultani alikuwa amempa cheo cha Khazini wa Sauti.

Hapo mwanzo vijaluba havikuwa na ulinzi. Mtu alinunua kimoja, akakiweka mdomo kwa mdomo na kijaluba kitupu cha jirani yake, na wimbo ukaingia huku bila kutoka kule, na mwezi haujaandama nyumba zote za mtaa zina wimbo mmoja ulionunuliwa mara moja. Waimbaji wakaja barazani wakilalamika njaa, na mmoja wao akasema, "Maulana, mji mzima unaimba wimbo wangu, na mimi nimekuja mbele yako na viatu vya kuazima." Sultani akaona wana haki, akawaita wajuzi wa talasimu, na tangu siku hiyo kila kijaluba kilichouzwa kilitiwa jini mdogo chini ya kifuniko chake, aliyeapishwa kuilinda sauti. Jini huyo aliujua mkono wa mnunuzi, na alikijua kizingiti cha nyumba ambamo kijaluba kilifunuliwa kwa mara ya kwanza. Mkono mwingine ukikigusa, kimya. Kikitolewa nje ya nyumba ile, kimya. Kikikutanishwa na kijaluba kingine, kimya. Waimbaji wakala, na Taufiki akala zaidi yao, kwa maana shaba huota kutu, na kijaluba kikioza mtu hakuwa na budi kununua upya wimbo uleule.

Basi katika mji huo alikaa Wasili bin Hatimu, muuza marashi, mtu wa maneno machache, aliyejulikana kwa kuwa hakuwahi kumwaga tone moja la mafuta ya udi akiyamimina kutoka chupa hadi chupa. Mkewe alikuwa Salwa binti Hemedi, mwimbaji, na walikuwa na binti mmoja, Nargisi. Na ada ya watu wa Shahanuri ni kwamba kila mama humtungia binti yake wimbo, uitwao wimbo wa kizingiti, nao hauimbwi hadharani ila siku ya arusi, nje ya mlango wa nyumba ya mume, na binti hainui mguu mpaka wimbo uishe. Aliyefiwa na mama yake huvuka kimya. Hakuna amchekaye siku hiyo, lakini wanawake wa nyumba ile hukumbuka, na siku akiunguza wali au akijibu kwa ukali husema, "Mwacheni, huyo alivuka kimya."

Salwa alipata maradhi Nargisi angali msichana mdogo wa kusukwa nywele, na kwa kuwa alijua maradhi yake yanaelekea wapi, alikwenda dukani kwa Taufiki akiegemea mkono wa mumewe, akauimba wimbo wa kizingiti ndani ya kijaluba. Ubeti wake wa kwanza ulikuwa huu:

*Vuka sasa ewe wangu, kizingiti si ukuta,*
*Ulianza njia tangu, siku niliyokupata,*
*Usiyabebe machungu, mbele utayakung'uta,*
*Vuka, nisije kukuta, umesimama njiani.*

Alipomaliza, na akidhani kifuniko kimekwisha kufungwa, alivuta pumzi akasema, "Basi. Twende nyumbani, Wasili, hujala tangu asubuhi." Na maneno hayo nayo yakaingia. Wasili akakinunua kijaluba papo hapo kwa mkono wake, akaenda nacho nyumbani, akakifunua ndani ya kizingiti chake. Taufiki alimwambia, "Umenunua," naye akaelewa kuwa kitu ni chake, na katika siku kama ile mtu haulizi zaidi.

Salwa akafa. Wasili akamzika, akapokea rambirambi kwa adabu, akafungua duka, na tangu wakati huo hakukaa. Alihamisha kitanda kutoka chumba cha mashariki hadi cha magharibi, kisha akakirudisha. Alipanga chupa kwa ukubwa, akazipanga kwa harufu, akazipanga kwa umri. Alitoka kwenda msikitini akajikuta kwa muuza mkaa, akaulizwa anataka mkaa kiasi gani, akanunua ili asionekane amepotea. Na kila siku alikifunua kijaluba, wimbo ukaimba, naye akazunguka chumba mpaka ulipokwisha, kisha akasimama na kuyasikiliza yale maneno ya mwisho, akafunika. Hakuwa akikifunua kwa ajili ya wimbo.

Miaka ikapita, Nargisi akawa mtu mzima, na akaposwa na Fahimu, mshona matandiko ya farasi, kijana mwenye mikono migumu na tabia laini, wa mji wa Zarafani ulio ng'ambo ya milima ya chumvi. Wasili akaridhia, mahari yakatajwa, siku ikawekwa, na wageni walipokwisha kunywa kahawa na kuondoka, Nargisi akiwa anakusanya vikombe alimuuliza baba yake, "Na wimbo wa mama utafikaje Zarafani?"

Wasili hakuwa amelifikiria. Akatoka wakati uleule kwenda dukani kwa Khazini wa Sauti.

Taufiki alimkaribisha kwa heshima, akamwekea mto, lakini Wasili hakuketi. Akasema, "Nataka wimbo wa mke wangu uimbe Zarafani siku ya arusi ya binti yangu."

"Hauhami, bwana Wasili. Mkono wako, kizingiti chako. Ndivyo jini alivyoamriwa."

"Basi nitolee mwingine kutoka mtungi wa asili, utiwe jini anayeijua Zarafani, nami nitalipa."

Taufiki akashusha macho. "Kila wimbo una mtungi wake wa asili huku nyuma, ni kweli. Lakini mitungi ya nyimbo zenye mnunuzi mmoja tuliimwaga. Rafu hazikutosha."

"Mmeimwaga wapi?"

"Uani. Sauti haina pa kumwagiwa maalumu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara na si mtu katili, akasema, "Nina nyimbo za kizingiti za akina mama wengine, nzuri sana. Uko mmoja, ukiusikiliza kutoka chumba cha pili, ungedhani ni yeye."

"Nimeishi naye nyumba moja, Khazini," Wasili akasema. "Kutoka chumba cha pili ndiko nilikomjua zaidi." Na akaenda zake.

Alipofika nyumbani alikigeuza kijaluba kwenye mwanga na akaona kile ambacho kwa muda mrefu hakutaka kukiona, kwamba kutu ya kijani imeingia katika maungio, na siku ya mwisho ya shaba ile iko karibu. Ndipo akafanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Kwa maana ilikuwa desturi ya wauza marashi kwamba mafuta ya zamani yakigandamana na chupa na kukataa kutoka, huipasha chupa juu ya chetezo, kwa moto wa makaa mawili tu, kisha huiinamisha juu ya chupa mpya, nayo mafuta hulegea na kushuka yenyewe bila kulazimishwa. Wasili alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote na hakuwahi kuharibu kitu. Akatia makaa kwenye chetezo, akakiweka kijaluba cha Salwa juu yake, akaandaa kingine kitupu, akangoja sauti ilegee.

Shaba ilistahimili. Lihamu ya maungio haikustahimili. Ikayeyuka na kudondoka kwenye majivu, na pamoja nayo kikatoka kitu mfano wa mvuke, kikapanda hadi darini kikatoweka, na nyuma yake akatoka jini mdogo, kimo chake kama mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi, nyusi zake zimeungua, akikohoa.

"Bwana mnunuzi," jini akasema alipopata pumzi, "unanichoma."

Wasili akakinyakua kijaluba kwa vidole vitupu, akaungua, asikiachie. "Kimetoka nini?"

"Jina langu ni Barkashi, kama unapenda kujua. Nimeishi nyumbani kwako miaka mingi na hujawahi kuniuliza."

"Barkashi, kimetoka nini?"

Jini akatazama darini. "Wimbo upo. Umepasuka pembeni, utavuja kidogo kidogo, lakini upo. Kilichotoka ni kile kilichokuwa chini kabisa. Maneno ya baada ya wimbo."

Wasili akaketi sakafuni. Barkashi, ambaye kwa miaka yote ile hakuwa amemwona mtu huyu ameketi, alistaajabu, akaja akasimama karibu na goti lake.

"Ulikuwa ukiyasikia?" Wasili akauliza.

"Kila siku. Jini wa kifuniko halali. Ulikuwa ukizunguka, kisha unasimama pale, karibu na dirisha."

"Unayakumbuka?"

"Neno kwa neno. Lakini nikiyasema yatatoka kwa sauti yangu. Nijaribu?"

"Usijaribu," Wasili akasema.

Makaa yakafifia. Kisha Wasili, ambaye akili yake ilikuwa ya mtu apimaye, akauliza, "Uliapa nini hasa? Nitajie maneno ya kiapo."

"Niliapa hivi: sauti ninayoilinda isikae katika vyombo viwili, wala isiguswe bila idhini ya mwenyewe."

"Hukuapa kwamba isihame?"

"Hapana. Habari ya mkono na kizingiti ni amri za dukani. Nazitii kwa sababu duka husema linasema kwa niaba ya mwenye sauti."

"Na mwenye sauti ni nani?"

"Ah," Barkashi akasema. "Hilo si la jini, hilo la Kadhi. Lakini kama unakwenda, nenda upesi. Ufa huu haungoji arusi."

Nargisi aliporudi kutoka kwa shoga zake alimkuta baba yake amefungwa kitambaa mkononi, akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, na jini ameketi juu ya mto akijipaka mafuta ya nazi kwenye nyusi. Akaelezwa yote.

"Watu huchoma ubani ili majini waondoke," akasema. "Wewe umemchoma jini mwenyewe."

"Nimeliona kosa langu, mwanangu."

"Sikulaumu. Keti, Baba, unanizungusha kichwa." Hakuketi. Nargisi akaendelea kwa upole zaidi, "Naweza kuvuka kimya. Wengi wamevuka kimya na wana watoto na mbuzi."

"Hutavuka kimya."

"Unasema hivyo kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?"

Wasili akaenda kuchukua kilemba chake.

Basi siku ya baraza ilipofika, Sultani Nadhifu aliketi juu ya kiti chake cha enzi, kulia kwake Kadhi Mubini, mzee mwembamba aliyekuwa akisikiliza kila kesi amefumba macho, na kushoto mawaziri, na mbele yao wakasimama Wasili, kijaluba mkononi, na binti yake, na Barkashi ndani ya mkono wa kanzu ya Wasili, na upande wa pili Taufiki katika joho la cheo chake. Wasili akaeleza haja yake kwa maneno machache: kwamba anaomba idhini ya kuihamisha sauti ya marehemu mkewe kutoka chombo kinachokufa hadi chombo kizima, ili iimbe Zarafani.

Taufiki akainama, akasema, "Ewe Maulana, kivuli cha wanyonge na hofu ya wezi, Mungu auzidishe ufalme wako. Mtumishi wako anamheshimu bwana huyu na msiba wake. Lakini sauti zikianza kuhama leo kwa ajili ya mfiwa, kesho zitahama kwa ajili ya mlevi, na keshokutwa waimbaji watarudi mbele yako na viatu vya kuazima. Tena, Maulana, mtu huyu hakununua sauti. Sauti hainunuliki. Alinunua ruhusa ya kuisikiliza, kwa mkono wake, nyumbani kwake, kwa kadiri ya umri wa shaba. Wala hatukumficha, kwa maana maneno hayo yamechongwa chini ya kila kijaluba."

"Kwa herufi gani?" Sultani akauliza.

"Ndogo, Maulana."

Kadhi Mubini, macho yake yangali yamefumbwa, akasema, "Nimependa hoja yako, Khazini. Irudie. Bwana huyu hakuinunua sauti."

"Hakuinunua, Kadhi wangu."

"Na wewe, uliinunua kwa mwimbaji?"

Taufiki akahisi ardhi imesogea kidogo, lakini alikuwa ameyasema maneno haya mbele ya waimbaji kwa miaka mingi, na hakuweza kuyameza mbele ya Sultani. "Sisi ni mawakala wao tu. Tunauza ruhusa kwa niaba yao. Sauti ni ya mwimbaji daima, na huo ndio msingi wa ulinzi wote."

"Vizuri. Na wakala akifiwa na aliyempa uwakala?"

"Uwakala..." Taufiki akasema, akatazama mawaziri, na mawaziri wakatazama zulia. "Uwakala hukoma, Kadhi wangu."

"Hukoma," Kadhi akasema, na akafumbua macho. "Basi siku Salwa binti Hemedi alipokata roho, amri zako za mkono na kizingiti zilikoma pamoja naye, na sauti yake ikawa mirathi kama bangili zake. Haijagawanywa tu, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa ni mali."

Barazani pakatokea mnong'ono. Taufiki, ambaye hakuwa amepata cheo chake kwa upumbavu, akapiga hatua mbele akasema kwa sauti ya kirafiki, "Maulana, kwa nini tufikishane huko? Nimeona ufa wa kijaluba kile. Natoa ahadi mbele ya baraza kwamba nitauziba kwa lihamu ya fedha, bila malipo, na kutu haitakigusa tena. Bwana Wasili ataondoa dai lake, na sauti itakaa nyumbani kwake, mkononi mwake, yote, maisha yake yote."

Kadhi akamgeukia Wasili. "Umesikia. Ukiondoa dai, hakuna atakayekulazimisha, na sauti itabaki kwako kama ilivyokuwa, lakini Zarafani haitafika. Ukisimama kama mrithi, nitagawa kwa sheria, na sheria haijui huzuni. Mume mwenye mtoto ana robo. Binti ana nusu."

"Na nikimwomba binti yangu aniachie fungu lake?"

"Mwulize," Kadhi akasema.

Nargisi hakungoja kuulizwa. "Sitamdai baba yangu kitu," akasema, "wala sitaomba aondoe dai, wala sitaomba asiondoe. Mniwie radhi."

Ndipo Wasili akaanza kutembea. Alitembea mbele ya kiti cha enzi, kutoka nguzo hadi nguzo, na askari mmoja akataka kumzuia, na Sultani akaashiria aachwe. Aliwaza chumba cha dirisha na sauti ile ikiimba humo kila siku mpaka naye afe, haipungui. Aliwaza pia kwamba Salwa hakupanda ngazi za duka la Taufiki, akiwa hana nguvu za kupanda ngazi, kwa ajili ya chumba cha dirisha. Alikuwa na mahali alipokusudia wimbo ule uimbwe, na mtu aliyekusudia umsikie, na mtu huyo hakuwa yeye. Jambo hilo alilijua tangu siku ya kwanza. Akasimama.

"Mrithi," akasema.

Kadhi akahukumu. Robo kwa mume, nusu kwa binti, na kwa kuwa marehemu hakuacha ndugu wa kiume wala jamaa wa kurithi kilichosalia, robo iliyobaki ni ya Baitulmali. Taufiki akainua kichwa kusikia hazina ikitajwa, lakini Sultani akasema, "Baitulmali yangu haina masikio. Fungu lake nampa bibi arusi." Na kwa kuwa sauti haikatwi vipande kama shamba, Kadhi akaigawa kwa zamu, kama watu wagawanavyo kisima kimoja, majira matatu ya mwaka kwa Nargisi na majira mamoja kwa Wasili, na akamwuliza achague yake.

Nargisi akamnong'oneza, "Chukua masika, Baba. Milima haipitiki. Utakaa nayo mpaka matope yakauke, na hakuna wa kukusema."

"Nachagua kipupwe," Wasili akasema kwa sauti ya kusikika. "Njia huwa kavu."

Kisha Sultani akatoa amri kwa mji mzima, kwamba mwenye kijaluba aweza kuihamisha sauti katika chombo chake kingine chochote, na kuipeleka popote aendapo, mradi chombo cha kwanza kibaki kitupu, na kwamba mwimbaji akifa warithi wake ndio wasemaji wa sauti yake. Waimbaji waliridhika, kwa sababu viapo vya majini vilibaki na hakuna wimbo uliozaa wimbo wa wizi. Taufiki alilia hasara hadharani, na baada ya muda mfupi akaanza kuuza vijaluba vitupu vya fedha kwa wenye vijaluba vya shaba vinavyooza, akatajirika kuliko mwanzo, kwa maana hukumu moja haimuui mfanyabiashara.

Uhamisho wa sauti ya Salwa ulifanyika nyumbani, kabla ya safari. Barkashi alisimama kati ya vijaluba viwili, kile cha shaba mkononi mwa Wasili na kipya mkononi mwa Nargisi, akaipitisha sauti kama fundi apitishavyo uzi katika tundu la sindano, na haikusikika hata kidogo. Wajuzi husema sauti haina uzito. Wasili alihisi kile alichokishika kimekuwa chepesi, na akaendelea kukishika hata baada ya jini kusema, "Tayari."

Wakasafiri, wakaivuka milima ya chumvi, wakafika Zarafani, na mbele ya mlango wa Fahimu wanawake wa mji ule walikuwa wamejipanga na udi na mawardi, wakitazama kwa hamu ni nani atakayemwimbia bibi arusi asiye na mama. Nargisi alisimama mbele ya kizingiti, akakifunua kijaluba. Sauti ya Salwa ikatoka juu ya vichwa vyao, imara, ya mwanamke aliyekuwa hai. Katikati palikuwa na ubeti uliovuja katika ule ufa, na pale sauti ilipokatika wanawake wa Zarafani, wakidhani ndipo mahali pa kuitikia, walipiga vigelegele mpaka ubeti uliofuata ukaingia, na tangu siku hiyo huo ndio ukawa mtindo wa Zarafani. Wimbo ulipokwisha Nargisi aliinua mguu, akavuka.

Wasili aliyasikia yote akiwa nyuma ya umati, amesimama mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Akaishi miaka mingi baada ya hapo. Kila mwaka, kipupwe kilipokaribia, alikwenda Zarafani kuichukua zamu yake, na kipupwe kilipokwisha alikwenda kuirudisha, yeye mwenyewe, asimtume mtu, na kwa kuwa hakuona sababu ya kupanda milima mikono mitupu alibeba marashi ya Shahanuri kwenda na ngozi za Zarafani kurudi, na miguu ile isiyotulia ikamtajirisha kuliko duka lilivyomtajirisha. Barkashi alisafiri naye juu ya punda, kwa hiari yake, akilalamika vumbi. Watu walimshauri Wasili aoe, akawaambia safari inamtosha. Mwaka mmoja Nargisi, akiwa na mtoto begani, alimwambia mlangoni, "Baki nayo mwaka huu, Baba, sisi tumeshaizoea," naye akamjibu, "Mimi bado sijaizoea, ndiyo maana nairudisha." Akamkabidhi kijaluba, akaomba maji ya kunywa, akaketi kizingitini kumngoja ayalete.

Na hayo ndiyo yaliyomfika muuza marashi wa Shahanuri. Ambaye amenunua kitu asichoweza kukipeleka kwa ampendaye, huyo hajakimiliki bado. Na ambaye amepata kukipeleka, na ajue kwamba mkono uliofunguka kutoa hurudi mwepesi, na wepesi huo ndio bei yake. Mwenye masikio na azisikilize sauti za watu wake wangali wakisema.